Mapumziko mafupi Hakone
Nilipotaka kupumzika siku chache mbali na Tokyo, nilichagua nyumba ya wageni ya kisasa huko Hakone, mji wa chemchemi za maji moto nchini Japani, kwa kuwa treni ya moja kwa moja kutoka Shinjuku, kituo kikubwa cha Tokyo, hufika kituo cha Hakone-Yumoto kwa takriban saa moja na nusu. Kilichonivutia zaidi ni bwawa binafsi la maji moto kwenye roshani ya chumba, maana katika mabwawa ya pamoja watu huoga bila nguo yoyote, jambo ambalo sisi tuliolelewa katika kusitiriana hatulizoei upesi. Kwanza unaketi kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza vizuri, ndipo unaingia majini taratibu. Ukiweza, nenda katikati ya juma, kwani mwishoni mwa juma bei hupanda.