Dadu Yangu Haikuwa na Hatia

Katika mirusho 60 ya kwanza, dadu yangu ilitoa sita mara 17, ilhali kwa nadharia, nyuso zote zikiwa sawa, nilipaswa kupata sita mara 10 hivi. Nikaishuku dadu. Jamaa mmoja anayejiona bingwa wa hesabu akanishauri niendelee kurusha tu, kwa madai kwamba sita zingeadimika baadaye ili kufidia zile saba za ziada. Nilimsadiki jioni nzima, jambo ambalo bado linaniudhi, kwani dadu haina kumbukumbu ya kudai wala kulipa deni.

Aibu yangu kubwa zaidi ilikuwa katika kuhesabu. Dadu ilipoegemea ukingo wa daftari na kusimama mshazari, niliihesabu bila swali endapo ilielekea sita. Ikielekea mbili au tatu, nilisema mrusho umeharibika na kurudia. Zilizoanguka sakafuni nilizihukumu vivyo hivyo, huku nikijiona mtafiti makini.

Nikafuta yote. Nilibandika kitambaa kwa gundi ndani ya kasha la viatu, kikakaa bila mkunjo hata mmoja, kisha nikawa ninaitia dadu, ninafunika, ninatikisa nikihesabu hadi tano, ninafunua. Haikuanguka tena, na kabla ya mrusho wa kwanza nilikuwa nimeandika kwamba ikiegemea ukuta wa kasha nitarudia, hata kama ni sita. Andika kanuni yako mapema, maana ukishaona tokeo huaminiki tena.

Safari hii mirusho 60 ilinipa sita 14, yaani asilimia 23, dhidi ya asilimia 16.7 ya nadharia. Kufikia mirusho 600 nilikuwa na sita 109, asilimia 18. Hapo ndipo nilipoelewa kosa la yule bingwa: ziada haikufidiwa, bali ilikua kutoka nne hadi tisa, lakini tisa katika 600 ni kidogo kuliko nne katika 60. John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Ziada ya 67, na bado uwiano wake ni 0.5067.

Mimi niliishia 600 kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.