Sifuri za Mto Simiyu

Daftari lilijaa sifuri tupu. Asubuhi 0.00, jioni 0.00, ukurasa hadi ukurasa, kwa penseli, maana wino ukilowa husambaa. Kwenye safu ya maelezo mzee aliyesoma kina cha mto kila siku aliandika neno moja tu: kavu. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimesafiri hadi Magu kutafuta takwimu za mtiririko wa Mto Simiyu, na moyo ukanishuka.

Dokta, msimamizi wangu, ndiye aliyefurahi. Alipekua kurasa zile kama mtu anayehesabu mshahara. Vituoni kwingine, akaniambia, mto ukikauka msoma geji, yaani msomaji wa kibao cha kupimia kina cha maji, naye hukaa nyumbani. Ukurasa unabaki mweupe, na baadaye hakuna ajuaye kama mto ulikauka au mtu aliugua. Sifuri iliyoandikwa ni kipimo. Ukurasa mtupu si kitu.

Ilikuwa Februari 2006. Vuli ya 2005 ilikuwa imetutupa. Mwanza mjini, pale Mwaloni Kirumba, mitumbwi ilikuwa imeketi kwenye tope. Kabla mwaka haujaisha Ziwa Victoria lingeshuka hadi kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1920, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyopitishwa Jinja, Uganda, kuzalisha umeme. Simiyu, unaoingia Ghuba ya Speke, ulikuwa mchanga mtupu. Chini ya daraja la barabara ya Musoma akina mama walichimba mashimo na kuteka maji kwa kata, taratibu, wakisubiri yajikusanye. Kibao cha geji kilisimama juu ya mchanga na namba zake zote, mbuzi anajikuna pembeni mwake.

Tukakaa chini ya mkwaju. Mzee aliuliza swali lililomkaa kwa muda mrefu: "Dokta, hizi namba zangu zinaishia wapi?"

Dokta hakumjibu kuhusu ofisi. Alimsimulia habari za Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1906 na kuutumikia Mto Nile zaidi ya nusu karne. Swali lake lilikuwa la kazi: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili Misri isikose maji hata miaka mibaya ikifuatana? Akachukua vipimo vya kisiwa cha Roda, Cairo, ambako kina cha Nile kiliandikwa tangu karne ya 7, akaongeza pete za miti na matabaka ya tope la maziwa. Kama miaka ingekuja kiholela, mithili ya kurusha shilingi, kipeo cha hesabu yake, namba inayoonyesha jinsi miaka inavyofanana na iliyotangulia, kingekuwa 0.5. Yeye alipata wastani wa takriban 0.73. Maana yake miaka ya maji hujikusanya pamoja, na ya ukame vivyo hivyo, na bwawa lililopigiwa hesabu ya shilingi litakuwa dogo mno.

Makala yake ilitoka mwaka 1951, ndefu na kavu, ya wahandisi. Baadaye Mandelbrot, mwanahisabati, aliikamata. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Wallis wakaiita tabia hiyo athari ya Yusufu, kwa ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa aliyoitabiri Yusufu kwa Farao. Leo wanaopima bei za hisa, mapigo ya moyo na msongamano wa intaneti hukiita kipeo kile H, ya Hurst, na sidhani kama wengi wao wamewahi kulowa miguu mtoni.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hilo halikuwa geni kwake. Mvua za mwaka wa Uhuru zilipokuja alikuwa mtoto. Ziwa likapanda, kufikia 1964 lilikuwa zaidi ya mita mbili juu, likameza shamba la baba yake kule ghubani. "Tukasema mwakani litarudi. Mwakani gani? Baba alikufa akilisubiri."

Dokta aliandika maneno hayo. Nilimwona.

"Na hao wa Cairo," mzee akaendelea, "walioandika kabla ya Mzungu wako kuzaliwa, walikuwa akina nani?"

"Wasoma geji kama wewe, mzee."

"Walilipwa?"

Dokta akakohoa. Posho ya mzee ilikuwa haijafika tangu kabla ya Krismasi, na kwa jinsi nilivyoelewa haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akinunua penseli kwa fedha yake.

"Basi, Dokta, hesabu yako naikubali," mzee akasema, akifunga daftari kwa mpira wa baiskeli. "Mwezi wa kukosa hufuatwa na mwezi wa kukosa. Nawe mwambie bosi wa hapo mjini kwamba mfuko wake ni mdogo mno."

Tulicheka hadi mbuzi akakimbia. Usiku ule, hotelini Mwanza, Dokta aliniamuru niandike barua ya posho kabla sijagusa takwimu hata moja, naye akaitia saini. Fedha zililetwa mwezi uliofuata, pungufu, pamoja na boksi la penseli.