Bamia na dishi lake

Nilidhani paka wangu Bamia anaumwa tumbo. Miezi mitano tu jamani, nilimuokota chini ya meza ya muuza samaki akiwa saizi ya ngumi, sa ghafla usiku kucha analia kama mtoto mchanga, anajigaragaza sakafuni, ukimgusa mgongo anainua kiuno juu. Mama mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini, "mwanangu, huyo anataka mume". Na mume mwenyewe alishafika, lile dume la nyumba ya pili lenye sikio lililochanika limeganda ukutani tangu saa tatu. Paka mimba yake ni kama miezi miwili tu na anaweza kushika nyingine hata kabla hajaachisha hawa wa kwanza, we piga hesabu mwenyewe, mi nina chumba kimoja Sinza.

Nikaamua afanyiwe upasuaji asizae. Daktari wa mifugo akasema tusubiri kelele ziishe kwanza maana kipindi hicho kizazi kinajaa damu, kwahiyo wiki nzima madirisha yamefungwa, joto la Dar mnalijua. Siku yenyewe akaniambia nimpe chakula kidogo usiku ila kuanzia alfajiri asile, akitapika kwenye nusu kaputi anaweza kupaliwa, lakini pia nisimshindishe njaa sana kwasababu bado mdogo. Nikambeba kwenye kikapu cha sokoni nimefunga kanga juu, bajaji nzima analalamika, dereva ananiuliza "dada huyo kuku mbona analia hivo".

Nilivomfuata jioni nilishtuka, macho yako wazi kabisa ila hanioni, ulimi kidogo nje. Kumbe ile dawa haifumbi macho. Na mwili ulikuwa wa baridi! Dar hii hii. Nikazima feni, nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya nusu lita, nikaiviringishia kanga nikamuwekea ubavuni, mi jasho linanitiririka yeye anatetemeka. Kwenye saa nne akaamka akataka kutembea, miguu ya nyuma inaenda Manzese ya mbele inaenda Mwenge, kama katoka kilabuni.

Hapo ndo jirani akaja na nusu kidonge cha Panadol, kakisaga kabisa kwenye kijiko, roho nzuri tu, "mpe alale maskini". Aisee bahati daktari alishanionya, ini la paka linashindwa kuvunja hiyo dawa, damu inaharibika inashindwa kubeba hewa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Sikujua jinsi ya kumrudisha mtu mzima na kijiko chake. Nikamwambia kashapewa dawa yake ya maumivu (kweli alikuwa nayo, ya matone, daktari alinipa), akaguna akaondoka, nadhani mpaka leo ananiona mbahili.

Kidonda chenyewe kidogo, kama urefu wa kucha, tumbo limenyolewa lipo pinki kama mtoto wa panya. Shida ni ulimi wake, paka akianza kulamba nyuzi hakuachii hata moja, ndo maana anavishwa ile kola pana ya shingoni asifikie kidonda. Mi naiita dishi. Anagonga kila mlango, uji wa dagaa unaishia kwenye dishi, anakaa anaulamba kwa ndani ameridhika. Mchanga wa choo nao nikautoa, nilikuwa naokota kwenye jengo la jirani, nikamchania magazeti ili vumbi lisiingie kwenye kidonda.

"Asiruke siku kumi." Siku ya nne nimetoka kununua chapati tu, narudi yuko juu ya kabati na dishi lake, ananiangalia. Nikamshusha nikamgeuza tumbo, hakuna damu wala usaha, kauvimbe kidogo ambako daktari alisema ni kawaida. Nilikaa chini nikala chapati zote mbili kwa hasira.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili, hata hakulia. Lile dume bado linakuja, jana limekaa ukutani linaita weee, Bamia kamaliza kulamba tumbo lake lenye kimanyoya kipya, akageuka akalala.