Faiba moja kwa nyumba na kwa antena za simu mjini Goma

Anayetaka kuchimba mtaro wa faiba hapa Goma hukutana kwanza na jiwe la volkeno, kwa kuwa mji umekalia lava, ikiwemo ile iliyoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002. Ndiyo maana naamini kwamba uzi uliokwisha kufika Himbi au Katindo kwa ajili ya intaneti ya majumbani unapaswa kubeba pia mawasiliano ya antena za simu, hasa kwa kuwa splita inayogawa mwanga wake mtaani haihitaji umeme hata kidogo.

Uwezo ndio kikwazo cha kwanza. Kwa CPRI, utaratibu wa zamani wa kusafirisha mawimbi ya antena yakiwa data ghafi, sekta moja ya 4G (upande mmoja unaohudumiwa na mnara) yenye megahezi 20 na antena mbili hudai takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde wakati wote, hata usiku wa manane pasipo anayepiga simu, ilhali GPON, teknolojia ya kawaida ya faiba za majumbani, hupandisha (yaani hutoa kwa wateja kwenda kwenye mtambo wa kampuni) gigabiti 1.25 tu kwa wateja wote wa uzi. XGS-PON, ndugu yake mpya zaidi, ina gigabiti 10, lakini mnara mmoja wa sekta tatu ungemeza sehemu kubwa yake. Afadhali sehemu ya uchakataji ihamie kwenye redio yenyewe, yaani kifaa cha mnarani kinachoendesha antena, kama eCPRI, utaratibu mpya wa mwaka 2017, inavyoruhusu, ili data ipungue watu wanapolala.

Linalonishughulisha zaidi ni muda. Mwanga hupita kilomita moja ya faiba kwa maikrosekunde tano hivi, na Goma si mji mpana, kwa hiyo umbali hautudhuru. Kinachodhuru ni foleni: vifaa hupandisha data kwa zamu, na kuomba zamu kisha kungoja jibu kwaweza kufika milisekunde nzima, wakati redio mara nyingi huvumilia maikrosekunde 100 tu. Dawa ipo. Kituo kinachoongoza redio za mnarani ndicho kinachozipangia simu nafasi za kutuma, hivyo kikiujulisha mtambo wa faiba mapema, zamu hutengwa kabla data haijafika.

Tena, kifaa kipya kinapojiunga, vingine hunyamazishwa ili umbali wake upimwe, na katika eneo la kilomita 20 ukimya huo hufika maikrosekunde 250. Hapa ndipo ningeacha nyumba zibaki kwenye GPON, inayopandisha kwa mwanga wa nanomita 1310, na antena ziwekwe kwenye XGS-PON, inayotumia mwanga wa 1270, juu ya uzi uleule, ili ukimya wa kundi moja usiliguse jingine. Wateja wapya wa majumbani huunganishwa siku yoyote. Antena mpya ni chache, na fundi anaweza kuziunganisha saa ambazo simu zimetulia.