Risasi Niliyoichagua kwa Ajili ya Mita Thelathini

Siku nilipoleta nyumbani kulungu wangu wa kwanza, mke wangu alimgeuza mara mbili juu ya meza, akaingiza mkono kwenye bega la kushoto, akautoa umejaa uji wa damu na vipande vya mfupa. "Baba watoto," akasema, "huyu mlimwinda au mlimtegea bomu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempiga kwa umbali wa hatua arobaini hivi, katikati ya misonobari kusini mwa Missoula, jimbo la Montana, Marekani, mji ambao Wakongo wengi wa makambini tumepelekwa kuanzia mwaka 2016. Mnyama alianguka, akainuka, akakimbia na mguu unaning'inia, nikalazimika kumpiga tena. Bega zima na sehemu ya shingo tukatupa. Kwa mtu aliyekula maharage ya mgawo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, kutupa nyama ni aibu ambayo hailali usingizi.

Bunduki haikuwa na kosa. Ni 7mm Remington Magnum ya mtumba, niliyouziwa na mzee jirani yetu, seremala mstaafu. Risasi ya aina hiyo ilitoka mwaka 1962 na sifa yake ni mbio: kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha uzito wa greni 140 (gramu 9 tu), hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 940 kwa sekunde au zaidi. Niliinunua kwa sababu hiyo hiyo. Kila niliyemsikiliza alizungumzia masafa marefu, mabonde mapana, kulungu wa ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeniambia kwamba mbio zile zile zinaweza kukuumbua ukiwa karibu.

Kiswahili chetu nacho hakisaidii, maana kila kitu tunakiita risasi. Kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, mtu mwenye bunduki humuulizi ana risasi ya aina gani, unakimbia. Ilibidi nijifunze ukubwani kwamba kuna ganda, kuna baruti ndani yake, kuna fataki kwenye kitako, na kuna kichwa, ambacho ndicho peke yake kinachomfikia mnyama. Nilikuwa nimechagua bunduki kwa miezi mitatu, na kichwa nimekichagua kwa dakika mbili, dukani, kwa kuangalia bei.

Kile cha bei rahisi kilikuwa risasi laini, ile madini yenyewe, iliyovikwa koti jembamba la shaba bila kugandishwa nalo. Kwa mita 300 kingekuwa kimeshapungua kasi na kingefunguka vizuri. Kwa hatua arobaini kilifika bado kina mbio karibu zote, kikagonga mfupa, kikapasuka juu juu kabla hakijaingia ndani.

Mwaka wa pili nikafanya kosa la upande wa pili. Nikanunua kichwa kizito na kigumu, greni 175, nikijiambia hiki hakipasuki. Hakikupasuka kweli. Novemba nilimpiga kulungu wa masikio marefu, yale kama ya punda, kwa umbali wa mita 310. Kilipita katikati ya mbavu bila kugusa mfupa wowote mkubwa, kikatokea upande wa pili kwa tundu la kuingiza penseli. Mnyama aliondoka kama hakuna kilichomtokea. Theluji ndiyo iliyoniokoa: nilifuata tone moja, hatua ishirini hakuna kitu, tone jingine, kwa saa mbili kasoro, hadi nikamkuta amelala chini ya mti amekufa.

Jioni ile mzee aliniita kwake, akanitilia chai. Ndipo aliponisimulia habari za John Nosler, ambaye mwaka 1946 alikuwa akiwinda kulungu wakubwa wa kaskazini wanaoitwa moose, kule British Columbia, Kanada. Alikuwa na .300 H&H Magnum, bunduki yenye mbio kwa zama zake. Mnyama alikuwa amejipaka tope, tope limekauka kama ganda, na vichwa vikawa vinavunjika nje nje bila kuzama. Nosler akarudi nyumbani akachonga kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kikaanza kuuzwa miaka michache baadaye, na mpaka leo kinauzwa. Mzee akasema, "Yeye hakubadilisha bunduki, umeona?"

Nimeona. Lakini mimi ni mtu wa kushika kwa mkono, kwa hiyo nikakusanya galoni tupu za maziwa. Nilijaza maji galoni nane nane, nikazipanga mstari mmoja kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, mlima ukiwa nyuma yake, nikapiga kila aina ya kichwa kwa mita 30 na kwa mita 300, kisha nikakipima kwenye mizani. Kile laini, kwa mita 30, kiliishia galoni ya tatu: nilikuta koti lililokunjamana na makombo, greni 51 zimebaki kati ya 140. Kichwa cha shaba tupu, kisicho na risasi ndani kabisa, kilifunguka petali nne kama ua na kikabaki na greni 139. Kwa mita 300 kilifunguka kidogo zaidi ya nusu ya upana ule, ila kilifunguka. (Maji yanatia chumvi. Yanafungua kichwa kuliko mbavu nyembamba za kulungu, kwa hiyo kikishindwa kwenye maji, porini usikijaribu.)

Kulikuwa na vile vya kugandishwa pia, ambavyo koti na risasi vimeshikanishwa visiachane. Vilibaki na theluthi mbili ya uzito na vilifunguka vizuri pande zote mbili. Kama ningekuwa naishi peke yangu, ningechukua hivyo na kumaliza. Tatizo ni kwamba nina watoto wadogo, na theluthi iliyopotea imekwenda mahali. Mwaka 2008 maofisa wa afya wa North Dakota waliwaambia wagawaji wa chakula cha msaada watupe nyama ya kulungu ya kusaga, kwa kuwa ilikutwa na chembechembe za risasi. California wao wamekataza risasi ya madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Montana hailazimishi. Mke wangu hakungoja ilazimishe.

Basi shaba. Bei karibu mara mbili, na si kila mtutu unaipenda. Boksi la kwanza lilitawanyika kama mahindi ya kuku, sentimita tisa kwa mita 100. Nikasugua mtutu siku mbili mpaka mabaki ya koti za zamani yakatoka, nikajaribu la kampuni nyingine, matundu matatu yakaingia ndani ya sentimita tatu. Nilichagua greni 140 na si zaidi, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko risasi: kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu, na mimi nilitaka mbio zibaki. Kichwa cha shaba kikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde hivi huanza kuwa kama msumari. Changu, kwa mita 300, bado kina zaidi ya 700.

Nimeilenga bunduki igonge katikati kwa mita 180. Hapo kichwa hakipandi wala kushuka kiasi cha kunitia wasiwasi hadi kama mita 230. Kwa mita 275 kinashuka karibu sentimita 17, kwa 365 ni karibu nusu mita, na upepo haujahesabiwa. Mita 300 nikaifanya ukuta. Anayetaka kuwinda mbali zaidi ya hapo ana hesabu zake. Mimi nina miguu.

Mwaka uliofuata ukuta huo uliniuma. Siku ya nne ya msimu, kundi la elki lilijitokeza kwenye mteremko mtupu, kipima umbali kikaniambia mita 452, upepo unatoka kushoto. Elki ni jamii ya kulungu, dume lake hufika kilo 300. Nyama ya mwaka mzima ilikuwa imesimama pale inakula majani. Mzee aliniangalia bila kusema neno. Tukazunguka kilima kwa saa moja na nusu, na tulipofika hakukuwa na kitu isipokuwa kinyesi cha moto.

Kesho yake alfajiri dume changa lilitoka msituni mbele yetu, hatua hamsini na tano, limesimama mshazari. Nilipiga bega. Lilitembea kama hatua kumi na tano, likapiga magoti. Kichwa tulikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, petali nne zimefunguka, greni 137. Nyama iliyoharibika ingeenea kwenye sufuria ndogo. Tuliibeba kwa safari nne, mabega yakachubuka, na Jumapili tukaila kwa ugali na sombe, yaani kisamvu, mzee akitafuna kwa mashaka kwanza, halafu akaongeza.

Mke wangu alilikagua lile bega kwa vidole, taratibu, kama anayepekua vazi la mitumba. Akalikatakata bila kusema kitu.

Nimebakiwa na maboksi mawili ya risasi za kundi lile la kiwandani, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Nikipata kundi jingine, hata kama jina kwenye boksi ni lilelile, tatu za kwanza zitapigwa kwenye karatasi na mbili kwenye galoni.