Skrini ya buluu kila mara? Anzia kwa RAM

Watu wangu wa Kisumu, kompyuta ya nyumbani ikianguka na skrini ya buluu, tafadhali usikimbilie kuweka Windows upya. Nakili faili zako kwenye flashi, halafu piga picha ya maneno ya herufi kubwa yaliyo chini ya skrini. Hayo ndiyo yanayokuelekeza.

MEMORY_MANAGEMENT? Shuku RAM kwanza, yaani kijiti cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba safi, pangusa, irudishe mpaka vishikizo vilie "tak". Zikiwa mbili, jaribu moja moja kwenye tundu lilelile. Kisha washa, tafuta mdsched.exe (kipimo cha RAM cha Windows), iache ipime mpaka mwisho.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi ni joto au umeme usiotulia. Kwa joto letu hili, vumbi likiziba feni prosesa inachemka bure! Puliza vumbi, badilisha pesti iliyokauka juu ya prosesa, ile inayopitisha joto.

Ukiona jina linaloishia .sys, hiyo mara nyingi ni draiva, programu inayoendesha kifaa: isasishe, au rudisha ya zamani kama tatizo lilianza baada ya kusasisha. sfc /scannow, amri ya kurekebisha faili za Windows, ifuate baadaye, maana haiponyi RAM mbovu.