Nilivyochagua na kufunga stopa za nyuma baada ya kunyanyua pikapu yangu

Pikapu yangu ni Land Cruiser 79 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, koili mbele na springi za mabapa nyuma. Hubeba saruji, mabati na matangi ya maji kutoka Malindi kwenda Marafa, Garashi na Baricho, na msimu wa wageni hupeleka watu kwenye mchanga wa Mambrui. Niliinyanyua inchi mbili kwa sababu ya makorongo yanayochimbika barabarani kila baada ya masika. Springi mpya zilikaa vyema, na shoki ndefu zikaingia bila taabu. Zikabaki zile raba mbili zilizofungwa chini ya fremu, juu ya ekseli ya nyuma, ambazo mafundi wetu huziita stopa.

Ukiuliza habari za stopa utajibiwa haraka sana: umenyanyua inchi mbili, ongeza stopa inchi mbili. Nimelisikia hilo dukani kwa spea, nimelisikia kwa madereva wenzangu, na silikubali hata kidogo. Lifti, yaani huko kunyanyua gari, hubadilisha pale gari linaposimama likiwa limetulia. Stopa kazi yake ni kuamua ekseli iishie wapi inapopanda, na mwisho huo unategemea shoki, tairi na springi ulizonazo. Ukinyanyua gari ukaacha shoki za zamani, huenda stopa ya kiwandani ikatosha vilevile, maana shoki ileile bado inajifunga, yaani inabanwa ikaingia yote, kwa urefu uleule. Ukifunga shoki ndefu, hapo ndipo penye hatari, kwa sababu shoki ndefu hata ikijifunga yote hubaki ndefu. Ekseli ikipanda kabla stopa haijagusa, shoki ndiyo inayopokea pigo lote. Hapo pistoni hugonga chini, sili hupasuka, mafuta yakavuja, na mara nyingine sehemu ya kufungia shoki kwenye fremu hung'oka. Springi za mabapa nazo zina lao: zikisukumwa hadi zikajipinda kinyume, bapa kuu linaweza kukatika.

Kwa hiyo niliamua kupima kabla ya kununua chochote. Fundi niliyemwendea ni mtu mzima, amefanya kazi na magari ya aina hii tangu ujana wake, na nilipomwambia ninachotaka alifurahi. "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Wengine huniletea raba mkononi wakaniambia funga."

Tuliegesha kwenye sakafu ya saruji, tukaweka fremu juu ya stendi za chuma. Hapa kwetu mawe ya kujengea ni ya matumbawe, yapo kila kona na watu huyaweka chini ya magari. Naomba usifanye hivyo. Jiwe hilo hupasuka ghafla likibanwa na chuma, na wewe umo chini.

Tukafungua shoki zote mbili. Kisha tukalegeza yuboliti, zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, tukatoa mabapa ya springi tukaacha bapa kuu peke yake, ili ekseli iweze kupanda kwa jeki bila kunyanyua gari zima. Tulipandisha polepole, upande huu kisha ule, mpaka stopa za zamani zikagusa tu mabamba ya yuboliti. Hapo nikapima kwa futi ya utepe kutoka pini ya juu ya shoki hadi pini ya chini. Pima kwa kufuata mlalo wa shoki yenyewe, usipime wima, maana shoki za nyuma zimelala na ekseli ikipanda milimita 30 shoki haijifungi milimita 30 kamili.

Nilipata milimita 400. Shoki mpya tuliibana kwenye jiriwa hadi mwisho, ikasoma 385 kutoka tundu hadi tundu. Kwa macho ya haraka mtu angesema kuna nafasi ya milimita 15, tufunge twende. Lakini raba haisimami pale inapogusa. Stopa yangu ya zamani ilikuwa na urefu wa milimita 60, na gari lenye mzigo likianguka korongoni huibana hadi karibu nusu. Yaani ekseli inapanda milimita 30 zaidi, na shoki, kwa mlalo wake, inajifunga kama 28. Ukitoa 28 kwenye 400 unabaki na 372, na shoki haiwezi kufika huko. Imeshagonga zamani.

Nilichohitaji basi ni kuishusha stopa milimita 30. Ikishushwa hivyo, raba ikibanwa nusu, kati ya pini inabaki kama 400, na shoki ina milimita 15 za kupumulia. Sikutaka zaidi ya hapo. Kila milimita unayoiongeza kwenye stopa unaitoa kwenye mwendo wa ekseli, na stopa ikishuka mno gari lenye mzigo litakuwa linatembea juu ya raba, litapiga mgongo wako na wa abiria kwenye kila kibonde.

Kuhusu raba zenyewe niliangalia aina kadhaa. Zile ngumu za poliyurethani haziogopi mafuta wala dizeli na hudumu, ila pigo lake ni la ghafla, na mimi nabeba watu. Za povu ni laini mno mwanzoni na hukaza taratibu, ni nzuri kwa gari dogo, lakini kwa uzito wangu zingeisha. Kuna zile za raba yenye uwazi ndani, kama za Timbren, zinazogusa mapema na kusaidia springi kubeba. Ningekuwa nabeba mzigo kila siku bila kurudi mtupu ningezichukua. Wako pia wanaokata tairi kuukuu la lori na kupanga vipande. Najua bei inavutia, lakini tairi lina nyuzi na matabaka, hubanduka, na halina ile ncha nyembamba inayopokea pigo kwa upole kabla ya kukaza. Nikarudi kwa raba ya kiwandani, mpya, yenye umbo la koni, na kuiwekea spesa ya chuma juu yake, yaani kipande cha kuishusha.

Spesa nayo ina maneno. Bomba la mraba la chuma chembamba ni rahisi kupatikana, lakini likipigwa mara kwa mara hubonyea, na siku hiyo vipimo vyote vimepotea. Nilimpelekea chuma kizima fundi wa kukereza, akanitolea vipande viwili vya milimita 30, sawasawa kulia na kushoto, vyenye tundu katikati. Kuchomelea kwenye fremu nilikataa. Boliti inafunguka siku ukitaka kubadilisha, na moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani ya fremu, mahali ambapo chumvi ya pwani huanza kula bila wewe kuona.

Chumvi hiyo ndiyo iliyotuchelewesha. Gari langu hupita sana Gongoni, penye mashamba ya chumvi, na boliti za stopa za zamani zilikuwa zimeshikana na fremu kwa kutu. Tulizipaka mafuta ya kulegeza kutu jioni, tukaziacha zilale, asubuhi zikatoka bila kukatika. Mpya nilinunua ndefu zaidi kwa ajili ya spesa, zenye alama ya uimara ya 8.8 kichwani, nikazipaka grisi kwenye nyuzi.

Kabla ya kurudisha mabapa tulifanya jambo moja ambalo nalipenda kuliko yote. Fundi alipaka chokaa iliyolowanishwa kwenye ncha ya kila raba, tukapandisha ekseli mpaka ikagusa, tukaishusha. Kwenye bamba la kulia kulikuwa na duara jeupe katikati kabisa. La kushoto lilikuwa limekaa pembeni, nusu yake iko juu ya nati ya yuboliti. Raba ikigonga nati kila siku itachanika. Springi za mabapa zinaponyooka huisogeza ekseli kidogo kuelekea nyuma, kwa hiyo alama lazima ichukuliwe ekseli ikiwa juu, si gari likiwa limesimama. Tukasogeza bamba la kushoto na kupaka tena, likakaa sawa. Kisha tukapandisha gurudumu moja na kushusha jingine, tukahakikisha tairi haligusi matigadi na hosi ya breki haivutiki upande ulioshuka. Ile vali ya breki inayofuata uzito wa nyuma nayo ilibidi irekebishwe, kwa kuwa lifti huifanya idhani gari halina mzigo.

Majaribio niliyafanya na saruji nyuma, kuelekea Marafa. Nilikuwa nimefunga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo ya kila shoki. Shoki ikijifunga huisukuma na kuiacha pale ilipofikia. Kwenye korongo kubwa nilihisi raba ikipokea na kurudisha, bila ule mlio wa chuma. Niliposimama kuangalia, kamba zote mbili zilikuwa zimeishia karibu milimita 20 kabla ya mwisho wa fimbo. Nilikaza boliti tena baada ya safari hiyo, kwa sababu rangi mpya na kutu ya zamani hujibana na kuacha ulegevu.

Jirani yangu wa Maweni ana pikapu ya aina hiyohiyo, naye kaongeza inchi mbili. Alikuja kutaka nimwagizie spesa za milimita 30 kama zangu. Nikamwambia, "Kaka, leta shoki zako kwanza tuzibane." Zake ni za kampuni nyingine na hujifunga fupi kuliko zangu. Baada ya kupima tuliona milimita 15 zinamtosha, na ndizo alizokerezewa.